Mbunifu wa Dirisha Namba Tatu

Katika nchi moja ambayo jina lake sitalitaja, kwa kuwa bado naishi humo na watoto wangu wanasoma humo, kuna ofisi inayohakikisha kwamba wazee wako hai. Nyie mnaosoma msianze kuhangaika na ramani. Nchi hiyo haifanani na yenu hata kidogo. Kwenu mambo yamenyooka, najua.

Mimi naitwa Hemedi Kirobo, na wakati huo nilikuwa mkuu wa Kitengo cha Uhai katika ofisi hiyo. Nawasimulia haya nikiwa nimeinamisha uso. Nina aibu, jamani. Nimeisema mapema ili mjue, maana huko mbele nitajitetea, na mimi nikianza kujitetea huwa naaminika.

Sheria yetu ilikuwa nyepesi. Raia aliyefikisha miaka sitini sharti awe na Cheti cha Kuwa Hai. Bila cheti hicho hospitali haimpokei, kwa sababu hospitali zetu haziruhusiwi kutibu marehemu, na kwa kweli ni busara, dawa zenyewe hazitoshi. Kukiomba cheti, mzee anakuja mwenyewe dirishani na mashahidi wawili wa rika lake, anajaza fomu, anabonyeza gumba kwenye wino, halafu anakwenda kusubiri siku mia moja. Cheti kikitoka kinadumu siku tisini. Na fomu nyingine haipokelewi mpaka kile cha kwanza kiishe.

Nyie hodari wa hesabu mmeshaona. Kiserikali, kila mzee alikuwa hai siku tisini, kisha marehemu siku mia moja, kisha hai tena. Mbunge mmoja aliwahi kuuliza jambo hili bungeni. Waziri akamjibu kwamba katika nchi za jirani watu wakifa hawarudi kabisa, sisi tushukuru. Wabunge wakapiga meza mpaka glasi zikaanguka.

Kitengo changu kilikuwa na watu watatu. Mimi nilikaa chumba cha ndani chenye zulia. Mzee Chambuso alikaa chumba cha kati akitunza mhuri. Na Bi. Mwanasita Shebughe alikaa dirisha namba tatu akipokea wazee. Madirisha namba moja na namba mbili yalikuwa yamezibwa kwa matofali ili kupunguza msongamano.

Bi. Mwanasita alikuwa na miaka hamsini na sita, ishirini na sita kati ya hiyo ameimalizia dirishani. Alivaa miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni. Alinizidi umri, nami nikamwita dada. Yeye aliniita bosi, hata nilipomkataza.

Sasa, kulikuwa na jambo la ajabu. Katika mikoa mingine yote wazee walikuwa wakifa na kufufuka kwa mujibu wa sheria. Mkoani kwetu walikuwa hai mwaka mzima. Makao makuu walituandikia barua ya pongezi, wakisema bila shaka ni hali nzuri ya hewa.

*

Mwaka juzi Mtukufu Rais alisafiri ng'ambo kutibiwa jino. Akiwa kwenye kiti cha daktari, mdomo wazi, akawaona wauguzi wawili wakijadiliana namna bora ya kupanga koleo zao. Hakuna aliyewaamuru! Mtukufu alishangaa hata akasahau maumivu. Aliporudi alilihutubia taifa pale pale uwanja wa ndege kabla ganzi haijaisha, ndiyo maana sehemu kubwa ya hotuba ile hatujaielewa mpaka leo. Tuliyoielewa ni hii:

"Ndugu wananchi! Kuna wazushi wanasema watumishi wetu hawana ubunifu. Ubunifu wanao, tena wa kumwaga, ila hawajijui! Naagiza kila mtumishi atambue kwamba yeye ni mbunifu kabla ya mwisho wa robo hii ya mwaka. Atakayekaidi, tutamsaidia kwa nguvu zote za dola!"

Wiki ile ile ikaundwa Wizara ya Ubunifu. Ikapewa ghorofa ya tatu katika jengo la Kamati ya Nidhamu, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa tupu, na Katibu Mkuu akawa yule yule mwenyekiti wa nidhamu, Mheshimiwa Ntandu, kwa kuwa naye alikuwepo. Waraka wao wa kwanza ulisema: "Ubunifu wote ufanyike kwa kufuata kielelezo kilichoambatanishwa." Kielelezo hakikuambatanishwa. Tukaandika kuuliza, tukajibiwa kwamba kuuliza ni dalili ya kukosa ubunifu.

Kisha wakuu wa vitengo tukaitwa semina. Mwezeshaji alikuwa Dakta Kisimbo, mwenye udaktari ambao hakuna aliyethubutu kumuuliza ni wa nini. Alitugawia karatasi, akasema kila mtu achore kitu chochote kinachotoka moyoni. Mimi nilichora kuku. Akapita na kalamu nyekundu, akasimama kwangu.

"Kuku wa nini?"

"Ndiye aliyetoka moyoni, Dakta."

"Jibu ni mti."

Nikafuta kuku, nikachora mti, nikapewa vema.

Lakini nisimwonee Dakta Kisimbo. Baada ya chai alisema jambo moja la maana, na nina hakika lilimtoka kwa bahati mbaya. Alisema: "Mtumishi wako hajui kwamba ni mbunifu kwa sababu lile analolifanya vizuri kila siku analiona la kawaida. Kaa naye. Mtazame. Muulize. Kisha litaje mbele yake mpaka naye alione." Nililiandika lile. Niliona ni neno zuri, na hata sasa naliona ni neno zuri, na hilo ndilo linaloniuma.

Tukaondoka na Fomu UB/7 kila mmoja, ya kuorodhesha ubunifu wa mtumishi. Mkuu asiyeleta mbunifu hata mmoja kufikia mwisho wa mwezi angeshtakiwa kwa kuficha vipaji vya taifa.

*

Nilianza na Mzee Chambuso wa mhuri. Nilimkuta ameegemea kiti, macho yamefumbuka, lakini mwenyewe hayupo.

"Mzee Chambuso, nataka nikusaidie utambue ubunifu wako."

Akashtuka. "Nimefanya nini tena?"

"Hujafanya kitu."

"Basi iandikwe hivyo hivyo kwamba sijafanya kitu."

"Lakini mzee, miaka thelathini na minane kazini, haijapata kutokea siku ukafanya jambo kwa namna yako mwenyewe?"

Akanitazama kwa huruma. "Bosi, ningekuwa nimefanya, ningefika miaka thelathini na minane?"

Nilimwona mzembe. Nikarudi chumbani kwangu nikimsikitikia, na hivi leo naona kwamba yule mzee peke yake ndiye aliyekuwa ameelewa hotuba ya Mtukufu, pamoja na ile sehemu ya ganzi.

Akabaki Bi. Mwanasita. Nilipomweleza alicheka hadi miwani ikaanguka kifuani.

"Mimi? Mbunifu? Bosi, umeamka salama kweli? Mimi napokea fomu."

Nikavuta kigoda nikaketi pembeni yake, kama Dakta alivyofundisha. Wa kwanza alikuja bibi mmoja aliyelima maisha yake yote. Gumba lake lilibonyezwa kwenye wino mara tatu, likaacha doa tu, mistari yote imesagika kwenye mpini wa jembe. Bi. Mwanasita alimshika mkono mwingine, akachagua kidole cha mwisho, kile kidogo kisichofanya kazi, akakibonyeza. Alama ikatoka safi.

"Hapo, dada, umefanya nini?"

"Nimechukua alama."

"Si sheria inasema gumba?"

Uso ukamshuka. "Nisamehe, bosi. Ila gumba lake limeisha."

"Sikukemei! Huo ndio ubunifu wenyewe!"

"Huu? Huu ni kutaka bibi wa watu arudi nyumbani akapumzike."

Baadaye akaja babu mmoja amevaa koti la harusi, mkononi fomu, nyuma yake hakuna mtu. Bi. Mwanasita akamuuliza mashahidi wako wapi. "Wamekwisha, mwanangu. Wa mwisho tumemzika juzi." Mimi kwa sheria ningemwambia arudi akiwa na mashahidi. Bi. Mwanasita alichungulia kwenye foleni akaita: "Mzee Nassoro! Bi. Tatu! Hebu sogeeni mumsalimie mgeni." Wakakaa benchi moja nusu saa, wakaulizana kwao wapi, nani alisoma na nani, wakati wa vita walikuwa wapi. Walipomaliza wakamshuhudia, na wote watatu wakaondoka wakicheka.

"Na hilo nalo ni ubunifu, dada!"

"Hilo ni kujuana tu, bosi."

Halafu nikaiona mbinu ya tatu. Kila mzee aliyefika alijaza fomu mbili. Ya kwanza ilitiwa tarehe ya leo. Ya pili haikutiwa tarehe, Bi. Mwanasita aliitumbukiza haraka kwenye droo, na siku zake zikikaribia angeiingiza mwenyewe kwenye foleni mapema, ili cheti kimoja kikiisha kingine kiwe tayari kimetoka. Kumbe ndiyo hali yetu nzuri ya hewa! Nikamuuliza hiyo nayo ni nini. Akaiziba droo kwa kiwiko.

"Hiyo tuiache, bosi."

Hapa nimewadanganya kidogo. Nimesema "kumbe", kana kwamba ndiyo kwanza nagundua. Nilijua. Nilikuwa najua miaka minne, tangu baba yangu alipopooza upande mmoja asiweze kufika dirishani. Bi. Mwanasita ndiye aliyekuwa akipita nyumbani kwetu akitoka kazini, wino ndani ya kipochi, anamchukua baba alama ya kidole kitandani, anamuuliza kalala vipi, anaondoka. Sheria inasema mzee afike mwenyewe. Mimi nilikuwa nikimfungulia mlango na kumshukuru. Siku ya pili ofisini tulisalimiana kama vile hatukuonana.

*

Siku tatu nilimbembeleza. Nilimletea chai ya tangawizi na vitumbua. Nilimwambia taifa linamhitaji. Yeye alikuwa na jambo moja tu.

"Bosi, wakinifukuza? Nimebakiza miaka minne. Sina mume, sijui kazi nyingine. Na hawa wazee je? Akikaa mwingine hapa akafuata sheria, mwezi wa sita haufiki wote watakuwa marehemu. Kuna wenye sukari humo, kuna wenye presha. Watapata wapi dawa?"

"Dada, hii ni Wizara ya Ubunifu. Wametafuta wabunifu mpaka wamechoka. Watakufukuza vipi?"

"Sijui. Naogopa tu."

"Mimi si nipo? Andika. Niamini."

Wallahi sikuwa na nia mbaya. Nilikuwa na fomu tupu na mwisho wa mwezi unakaribia. Na pia, niseme yote, nilitaka kweli ajione. Miaka ishirini na sita hakuna aliyemwambia kafanya vizuri, hata mimi.

Akaanza kuandika wakati wa chakula cha mchana, kwa mwandiko wake wa duara. Siku ya kwanza mambo mawili. Siku ya pili manne. Kila akiandika moja anasita, anatabasamu, anasema "Kumbe!" na kukumbuka lingine. Nilimfundisha hata maneno ya kusema, maana Dakta alituachia. "Sema, dada: ni ubunifu wangu mwenyewe." Alisema kwa aibu, amefunika mdomo na kiganja. Mara ya tano alisema bila kufunika mdomo.

Alhamisi alikuja na kanga mpya.

"Bosi, jana nimemsimulia mdogo wangu. Nikamwambia, unajua mimi ni mbunifu? Akacheka. Halafu akaniambia, dada, ni kweli bwana, tangu utotoni." Akafuta miwani kwa ncha ya kanga. "Mimi nilidhani nafanya makosa. Miaka yote hiyo, kila mkaguzi akija naiziba droo kwa kiwiko."

Orodha ilipokamilika ilikuwa na mambo kumi na moja. Niliisoma chumbani kwangu, mlango umefungwa. La tisa lilikuwa baba yangu. Alikuwa ameliandika kwa heshima zote: "Kumfuata kitandani Mzee Kirobo, baba wa bosi, kwa kuwa hawezi kutembea."

Nikamwita.

"Dada, hili la tisa tuliache. Watu wataona ni upendeleo."

"Eeh, kweli," akasema. Akalifuta pale pale kwa kifutio, akapuliza vumbi lake, akacheka. "Kumi zinatosha."

Nimelifikiria sana lile. Kama niliamini kweli kwamba orodha ile ni ya sifa, kwa nini nilimtoa baba yangu? Kila nikijiuliza napata joto masikioni.

*

Baada ya wiki tatu ilikuja bahasha moja yenye barua mbili zilizobanwa kwa pini moja. Ya kwanza ilikuwa yangu: nimeshinda Tuzo ya Mtambuzi Bora wa Wabunifu, nifike saa tatu asubuhi ukumbi wa Wizara. Ya pili ilikuwa ya Bi. Mwanasita: afike ukumbi huo huo saa tano kujibu tuhuma kumi za kubuni bila kibali.

Aliisoma mara mbili. "Wamekosea hawa. Si tulituma ile ya ubunifu?"

"Ndiyo, dada."

"Basi utawaambia."

"Nitawaambia."

Saa tatu nikapewa tuzo, cheti kikubwa ndani ya kioo. Dakta Kisimbo akanikumbatia. Mheshimiwa Ntandu akanisifu kwa jicho kali la kuona kilichojificha. Saa tano wafanyakazi wa ukumbi wakageuza kitambaa cha ukutani: upande mmoja kiliandikwa "Hongera Wabunifu", upande wa pili "Kikao cha Nidhamu". Meza ilikuwa ile ile, maua yale yale, wajumbe wale wale. Nikaambiwa nisiondoke, nikae kama shahidi. Bi. Mwanasita alipoingia na kanga yake mpya baadhi ya wajumbe wakampigia makofi kwa mazoea.

Mheshimiwa Ntandu akasimama.

"Mama, Serikali imefurahishwa sana na ubunifu wako, na imesikitishwa nao sana. Taifa lisilo na ubunifu ni taifa mfu. Lakini taifa lenye ubunifu usio na kibali, hilo limekufa bila kufuata taratibu, na ni nani basi atakayelipatia cheti? Umechukua kidole kidogo mahali pa gumba! Umezalisha mashahidi kutoka kwenye foleni! Umewalimbikizia wananchi uhai ambao muda wake haujafika! Wazee mia nne na kumi na saba katika mkoa wako wamekuwa hai mfululizo, mama. Mfululizo! Tungejuaje kwamba sheria inafanya kazi?"

Bi. Mwanasita akanigeukia, akanipa ishara ndogo ya kichwa kwamba sasa niwaambie. Nikatazama maua.

Ntandu akageuza kurasa. "Hata hivyo Serikali si katili. Kanuni ya nne inasema: iwapo mkuu wa kitengo alijua na akanyamaza, mambo hayo yanahesabiwa kuwa ni utaratibu wa ofisi. Karani atapewa onyo la mdomo na kurudi dirishani. Atakayewajibika ni mkuu." Akavua miwani. "Bwana Kirobo, ulikuwa unajua?"

Sikilizeni, niliombwa neno moja tu. Lilikuwa neno fupi na la kweli, na nilikuwa nalo mdomoni. Nilikuwa nimepakata kile kioo, nikaona uso wangu humo, nikafikiria ada za shule, zulia langu, jinsi mke wangu alivyowapigia ndugu simu asubuhi ile kuwaambia kuhusu tuzo. Nyie mngefanya nini? Msinijibu.

"Mheshimiwa," nikasema, "mimi nimeyajua kupitia fomu."

Ntandu akamgeukia Bi. Mwanasita. "Mama, ni kweli bosi wako hakujua? Na orodha hii ndiyo kamili, hakuna lililopunguzwa?"

Angeweza kunimaliza pale pale. Kulikuwa na baba yangu, kulikuwa na kifutio, kulikuwa na miaka minne ya mimi kumfungulia mlango. Alinitazama kwa muda mrefu. Sikuona hasira, na ningefurahi kuiona. Alinitazama vile alivyokuwa akiwatazama wazee dirishani, kujua mtu anahitaji kidole kipi.

"Orodha ni kamili, mheshimiwa," akasema. "Yeye hakujua. Ni ubunifu wangu mwenyewe."

Alilisema wima, bila kufunika mdomo, vizuri kuliko nilivyomfundisha.

Alifukuzwa kazi saa sita kasorobo. Mbinu zake kumi zilisifiwa, zikapigwa mhuri wa siri, zikafungiwa kwenye kabati la taifa ili zisitumike. Na kwa kuwa Wizara ya Ubunifu nayo ilikuwa na lengo lake la mwaka, alikabidhiwa Cheti cha Mbunifu Aliyejitambua pamoja na barua ya kufukuzwa, vyote vimetiwa saini kwa kalamu moja. Wakampiga picha ameshika kimoja huku na kingine huku.

*

Jioni ile alipita ofisini kukabidhi funguo za droo. Nilijifanya nasoma faili. Aliziweka mezani taratibu.

"Asante, bosi."

Nikadhani ananisuta. Nikainua macho nikitegemea matusi, maana matusi ningeyaweza. Hakuwa akinisuta.

"Nilikuwa najiona mwizi miaka yote hiyo," akasema. "Wewe ndiye uliyenionyesha kwamba sikuwa mwizi. Naondoka najijua." Kisha akaniomba jambo moja, kwamba karani mpya asiwakaripie wazee wasiosikia vizuri, awasogelee tu. Nikamwahidi.

Karani mpya anafuata sheria. Anawakaripia wote kwa usawa, na mimi sijasema kitu, kwa sababu siku hizi siko kitengo kile. Nimepandishwa cheo kuwa Mshauri wa Utambuzi. Nazunguka mikoani kuwafundisha wakuu wenzangu jinsi ya kukaa na mtumishi, kumtazama, kumuuliza, mpaka aandike mwenyewe. Wananiuliza siri ni nini. Nawaambia mtumishi sharti akuamini, nao wanaandika kwenye madaftari yao.

Wazee wetu sasa wanakufa na kufufuka kama wengine. Baba yangu ni marehemu tangu tarehe nne mwezi wa tano. Yuko nyumbani, anakula uji, anauliza habari za mpira, lakini hospitali imemkatia dawa za presha mpaka cheti kitoke, na cheti hakitoki mpaka afike dirishani. Mimi mwenyewe nilikwenda kumwombea. Karani akanionyesha waraka wa kukataza maombi ya aina hiyo. Ulikuwa na saini yangu.

Jumamosi iliyopita, saa nne asubuhi, nilikuwa nyumbani. Nikasikia hodi, kisha sauti ya Bi. Mwanasita sebuleni. Hakuja na wino, wino wa nini tena? Alikuja na pakiti ya vidonge alivyovichangisha kwa wagonjwa wenye presha kama ya baba, kimoja kwa huyu, viwili kwa yule, na amewaandikia wote kwenye daftari ili zamu ya kila mmoja ya kuwa marehemu ikifika naye achangiwe. Nilimsikia akimweleza baba namna ya kumeza. Miguu yangu ikanipeleka jikoni, mtu mzima mwenye tuzo ukutani, nikasimama nyuma ya mlango karibu na ndoo ya maji, nikabana pumzi. Alikaa karibu saa nzima. Wakazungumza, wakacheka, nami nimesimama.

Aliposhaaga na geti kufungwa ndipo nikatoka. Baba alikuwa ameshika vidonge vyake kwenye kile kiganja kizima. Akanitazama, akasema polepole, kwa ule mdomo wake uliopinda:

"Yule mama kakuulizia. Nikamwambia uko jikoni. Akasema tukuache, usisumbuliwe."